Butembo-Beni: Mtoto anayekataa chakula hahitaji fimbo wala biskuti

Katika nyumba nyingi za miji ya Butembo na Beni, jimboni Kivu ya Kaskazini, saa ya kula imegeuka saa ya ugomvi. Mtoto wa miaka miwili anafunga kinywa mbele ya sombe, anasukuma maharagi, anataka bugali mutupu au mukate na chai. Mama anapandisha sauti, baba anatafuta fimbo. Wengine wanamshika mtoto mikono na kumiminia uji kwa nguvu. Wote wakisha kuchoka, mkubwa wake anatumwa dukani kununua biskuti.

Njia hizo mbili zinaharibu. Mtoto anayemiminiwa uji huku akilia anaweza kupaliwa, na kesho yake ataogopa hata kuona kikombe. Yule anayepewa biskuti kila akikataa anajifunza kwamba kukataa ndiko kunakoleta sukari.

Kuanzia karibu mwaka mmoja na nusu, watoto wengi wanaogopa chakula wasichokizoea. Si utundu, wala si laana ya mtu. Mara nyingi mtoto anahitaji kuonjeshwa chakula kipya mara kumi au zaidi ndipo akikubali, lakini wazazi wengi wanakata tamaa mara ya tatu. Kinachosaidia ni kijiko kimoja cha lengalenga kando ya bugali anaoupenda, bila vitisho, leo, kesho kutwa na juma lijalo. Mzazi anachagua chakula na saa ya kula. Mtoto anachagua kiasi. Chai ya sukari ingoje, kwa sababu tumbo dogo linajaa upesi.

Tena mtoto akae na wenzake, awaone wakila, lakini awe na sahani yake. Kwenye sahani ya pamoja wakubwa wana mkono mwepesi: wanamaliza samaki, mdogo anabaki na bugali, kisha watu wanasema hapendi samaki.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano nchini Congo walikuwa wamedumaa. Bugali wa muhogo unashibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku aina 5 za chakula kati ya 8, maziwa ya mama yakihesabiwa. Aina hizo hazitoki mbali: maharagi, viazi na kabeji vinashuka kutoka milima ya Lubero, Beni ina mawese, mchele na papai, na samaki wanatoka ziwa Edouard.

Lakini kuna mama aliyekimbia shamba lake kwa sababu ya mauaji ya ADF, na sasa anapika anachopata. Kumwambia mama huyo anunue nyama kila siku ni kumtukana. Kwake, karanga za kusaga ndani ya uji, unga wa ndagala, kijiko cha mawese mekundu au kipande cha avoka ni mwanzo mzuri. Na viongozi wajue kwamba kulinda njia za mashambani ni kulisha watoto pia.

Kuna pia kukataa kusikongojewa. Mtoto aliyekuwa anakula vizuri, kisha ghafula anakataa kila kitu, ana homa, anaharisha, anakonda au miguu inavimba, apelekwe haraka kituo cha afya. Huko watapima mkono wake kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, chini ya sentimeta 11.5 ni utapiamlo mkali. Miguu ikivimba, huenda ni bwaki. Hapo dawa si uvumilivu tena, ni muganga.

Kwa wengine wote, kesho kuna sahani nyingine. Kijiko kilichokataliwa leo kirudi tena, bila fimbo.