Mkopo Usio na Riba, na Tarehe Yake

Parokia nyingi za mashariki ya Kongo zina watoto wao katika nchi ya Marekani. Wengi walipelekwa huko kutoka makambi ya wakimbizi ya Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Katika mwaka wa serikali ya Marekani wa 2016, Wakongo ndio waliokuwa wengi kupita taifa lolote lingine kati ya wakimbizi waliopokewa huko: walipita 16,000. Habari zao twazipata kwa simu, na katika habari hizo neno moja larudi mara kwa mara, ndilo neno kadi.

Mwenye kazi ya mshahara, akiisha kukaa mwaka mmoja au miwili na kulipa madeni yake kwa wakati, huanza kupokea barua za mabenki. Bahasha ni nzuri, jina lake limeandikwa sawasawa, na ndani yake mna maneno makubwa: riba 0 kwa mia kwa muda wa miezi 15, au 18, pengine hata 21. Kwa mtu aliyemjua mkopeshaji wa sokoni, yule adaiye riba yake kila mwezi bila huruma, maneno hayo ni kama mvua wakati wa kiangazi. Leo twataka kueleza barua hiyo yasema nini, yanyamazia nini, na mwenye busara aitumieje. Twaandika kwa ajili yao walio huko, na zaidi kwa ajili yetu tuliobaki hapa, maana sisi nasi tumo ndani ya deni hilo, kama tutakavyoona.

Kwanza tujue ya kuwa kadi si mali. Ni ruhusa ya kukopa, wala si zaidi. Benki humwekea mtu mpaka, tuseme dola 3,000, naye aweza kununua vitu hadi kufikia mpaka huo bila kutoa fedha mkononi. Kila mwezi hupelekewa hesabu. Akiilipa yote kabla ya siku iliyotajwa, hatozwi riba ya vitu alivyonunua. Akilipa sehemu tu, deni laanza kuzaa, na uzazi wake ni wa haraka: katika 2024 wastani wa riba ya kadi huko Marekani ulikuwa umepita 20 kwa mia kwa mwaka.

Biashara hiyo si ya jana. Mwezi wa Septemba 1958, Bank of America ilipeleka kadi 60,000 hivi kwa posta katika mji wa Fresno, jimbo la California, kwa watu ambao hawakuziomba. Wengine walilipa vizuri, wengine hawakulipa kabisa, na hasara ya miaka ya kwanza ilikuwa kubwa. Walakini benki haikuacha kazi yake, na kadi ile ndiyo iliyopewa jina la Visa katika 1976. Tangu 1970 sheria ya Marekani yakataza kumpelekea mtu kadi asiyoiomba. Kwa sababu hiyo siku hizi haiji kadi, waja mwaliko. Na mwaliko mtu aweza kuukataa.

Msomaji atauliza: Je, benki yapata faida gani ikikopesha bila riba? Aliyesoma historia ya Kanisa atakumbuka zile nyumba za rehani walizozianzisha Wafransisko katika Italia, zilizowakopesha maskini wasiangukie mikononi mwa wala riba. Katika 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano uliziruhusu kudai kiasi kidogo kwa ajili ya gharama za kazi yao, si kwa kutafuta faida. Msomaji asidhani ya kuwa benki itoayo 0 kwa mia ni nyumba ya namna hiyo. Benki ni mfanyi biashara. Mwenye duka hukatwa sehemu ndogo kila kadi inapotumika dukani mwake. Tena mwenye kuhamisha deni lake la zamani kulileta katika kadi mpya hutozwa ada, kwa kawaida 3 hadi 5 kwa mia, siku ile ile. Na juu ya hayo yote liko tumaini la benki, kwamba tarehe ya mwisho itafika na deni likiwa bado lipo. Hatusemi kwamba benki yadanganya, kwa maana masharti yote yameandikwa. Lakini yameandikwa kwa herufi ndogo, na ile sifuri kwa herufi kubwa.

Hata hivyo mkopo huo waweza kumfaa mtu sana. Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye deni la dola 3,000 katika kadi ya zamani, kwa riba ya 24 kwa mia kwa mwaka, yaani 2 kwa mia kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba pekee ni dola 60. Mama huyo aweza kutoa dola 206 kila mwezi. Akibaki na kadi ile ile, atalipa kwa miezi 18, na riba yote itakuwa dola 580 hivi. Sasa apokea mwaliko wa benki nyingine: 0 kwa mia kwa miezi 15, na ada ya 3 kwa mia. Akihamisha deni lake, ada ni dola 90, na deni lawa 3,090. Agawanye kwa 15, apata dola 206 zile zile. Miezi 15 ikiisha, amemaliza, naye ameokoa dola 490 hivi. Kwa fedha hizo aweza kuwanunulia watoto viatu na makoti ya baridi, na fedha ikabaki.

Sisi tungemshauri agawanye kwa 14, si kwa 15, atoe dola 221 kila mwezi. Mwezi mmoja uachwe kwa ajili ya ugonjwa, au gari kuharibika, au msiba. Na aagize benki yake ikate fedha hizo yenyewe siku ya pili baada ya mshahara, kabla fedha haijaona njia nyingine.

Lakini wengi hawagawanyi. Hutazama katika hesabu ya kila mwezi pale palipoandikwa kiasi kidogo kabisa kinachodaiwa, kwa mfano dola 35, wakalipa 35, wakalala usingizi. Tufanye hesabu. Dola 35 mara 15 ni 525. Katika 3,090 zabaki 2,565. Siku ya kwanza ya mwezi wa 16 sifuri yaondoka, riba ya 24 kwa mia yaingia, na dola 51 zaongezeka mwezi ule ule. Mtu huyo hakuchelewa hata siku moja, wala hakuvunja sharti lolote. Alilipa alichoambiwa kulipa. Walakini yuko karibu mahali pale pale alipoanza, na mahamisho aliyalipia dola 90 bure. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yana tarehe yake, nayo imeandikwa katika mkataba. Basi aiandike mtu ukutani kwa herufi kubwa kama zile za sifuri.

Serikali ya Marekani ilitunga sheria katika 2009 ili kuwakinga wenye kadi, na yafaa watoto wetu waijue. Riba ya mwaliko haiwezi kudumu chini ya miezi 6. Benki haiwezi kuiondoa katika deni lililokwisha kufanywa kabla ya muda kuisha, isipokuwa mwenye kadi amechelewa kulipa kupita siku 60. (Ada ya kuchelewa, hiyo hutozwa mapema zaidi, na vitu vitakavyonunuliwa baadaye vyaweza kupoteza sifuri yake.) Kijana asiyetimiza miaka 21 hapewi kadi ila aonyeshe ya kuwa ana mapato yake mwenyewe ya kulipia, au awe na mtu mzima wa kutia sahihi pamoja naye. Wanafunzi, sikieni hapa. Mjomba akitia sahihi kwa ajili ya mpwa wake, deni ni lake pia. Mpwa asipolipa, benki itagonga mlango wa mjomba.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba fedha mtu alipayo juu ya kile kiasi kidogo kabisa sharti iende kwanza kupunguza sehemu ya deni yenye riba kubwa. Jambo hili ni jema, lakini lina tokeo ambalo wengi hawalitazamii. Kadi nyingine hutoa sifuri kwa deni lililohamishwa tu, si kwa vitu vipya. Mtu akihamishia deni lake humo, kisha akanunua chakula na mafuta ya gari kwa kadi hiyo hiyo, vitu hivyo vipya huanza kuzaa riba mara moja, na malipo yake yazidiyo kiasi kidogo huenda huko. Deni la zamani lasimama, na miezi yapita. Basi kadi iliyopokea deni la zamani ifungiwe sandukuni, isiende sokoni.

Liko tena jambo la maduka, nalo ndilo linalotuhuzunisha kupita yote, kwa kuwa huwapata wale wanaojenga nyumba upya kutoka mikono mitupu. Duka la vyombo vya nyumbani lasema: hakuna riba, ikiwa utalipa yote katika miezi 12. Msomaji alishike neno lile "ikiwa". Huo si mkopo wa 0 kwa mia. Ni mkopo wenye riba iliyofichwa nyuma ya pazia, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza. Tuseme mtu anunua vitanda na meza kwa dola 1,200, na riba ya duka ni 30 kwa mia. Alipa dola 95 kila mwezi kwa uaminifu. Mwisho wa mwezi wa 12 amelipa 1,140. Zimebaki dola 60 tu. Basi duka lafungua pazia na kumdai riba ya mwaka mzima kwa deni lote kama lilivyokuwa mwezi kwa mwezi, dola 200 hivi, juu ya zile 60. Angalilipa dola 100 kila mwezi, asingalidaiwa hata senti. Dola tano tano zimemgharimu mia mbili.

Wako pia waliotaka kulipa kwa kadi lile deni la safari. Wakimbizi waliopelekwa Marekani kwa mpango wa serikali walitia sahihi ya kurudisha nauli ya ndege, na mkopo huo hauna riba yoyote, wala sasa wala baadaye. Kuuhamishia katika kadi ni kumtoa kondoo zizini na kumpeleka kwa chui, eti kwa sababu chui ameahidi kufunga kwa miezi 15.

Sasa twafika kwetu. Mtoto ampigia simu mama yake Uvira au Bukavu, asema amepata kadi ya dola 3,000. Kabla ya jua kutua habari imezunguka ukoo wote, nayo imebadilika njiani: sasa amepata dola 3,000. Wajomba wakumbuka bati la nyumba, kaka mkubwa akumbuka mahari iliyosalia, na simu zaanza. Yule kijana aona haya kukataa. Hana fedha mkononi, basi aenda na kadi yake kwenye mashine ya benki kutoa fedha taslimu.

Hapo ndipo tunapowaomba wazazi na wakubwa wa ukoo wasikilize vizuri. Sifuri ile haihusu fedha taslimu. Mwenye kutoa fedha kwa kadi ya kukopea hutozwa ada papo hapo, kwa kawaida 5 kwa mia, na riba huanza siku ile ile bila kungoja mwisho wa mwezi, tena mara nyingi ni kubwa kupita ile ya vitu vilivyonunuliwa. Na akipeleka fedha nyumbani kwa kadi hiyo kwa njia ya wenye kazi ya kupeleka fedha ng'ambo, mabenki mengi huhesabu jambo hilo kama kutoa fedha taslimu. Dola 300 zilizotufikia kwa matanga zamfanya adaiwe 315 kabla hazijatufikia, nazo zaendelea kukua wakati sisi twapika.

Kwa hiyo mtoto akisema kwa simu, "Nimepata kadi," jambo la kumwuliza ni mwezi gani sifuri yake yaisha, na kila mwezi imempasa kulipa kiasi gani. Akijibu, tuhesabu ya kuwa kiasi hicho kimekwisha kutoka katika mshahara wake, kama kodi ya nyumba. Kilichobaki baada ya hapo, pamoja na chakula na gari la kwendea kazini, ndicho tuwezacho kuomba. Pengine ni dola 50 mahali pa 300, na bati la nyumba litangoja mpaka mwezi wa 16.