Kura Haina Mlolongo

Ndugu wapenda mageuzi, sisi wa Meru na Embu twajua vyema hila ya mtawala anayetaka kuujua moyo wa mpiga kura kabla kura haijapigwa.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwetu na kwa Wakikuyu, mkoloni alidai kwanza cheti cha utiifu. Asiyekuwa nacho alibaki nje; mwenye elimu na mali aliweza kupewa hata kura tatu. Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu. Hatumlaumu mshindi, twalilaumu lango.

Mwaka 1988 KANU ililijenga upya lango hilo, ikaliita mlolongo. Mwanachama alisimama hadharani nyuma ya mgombea wake, chifu akitazama. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mahali pengi mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake wakati huo ilizijumuisha Embu na Meru, alilaani dhuluma hiyo. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Hakunyamaza. Desemba 1990 KANU iliuacha mlolongo.

Katiba ya 2010 inailinda siri ya kura. Lakini anayenunua kitambulisho chako anakurudisha katika foleni ile ile. Waumini, msikiuze kilichopatikana kwa machozi. Msimamizi wa kura yako ni dhamiri, na shahidi wake ni Mungu.