Mgonjwa Aelezwe Damu Yake kwa Kiswahili

Hapana shaka wengi wa wasomaji wamewahi kumuuguza jamaa mwenye maradhi makali ya mapafu, wakaona damu yake ikitolewa leo na kesho, kisha daktari akaitazama karatasi na kutamka, "CRP bado iko juu." Jamaa hutikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Hawajaelewa hata kidogo, na aghalabu ni hao hao watakaoulizwa iwapo mgonjwa ahamishiwe chumba cha mahututi.

Kipimo chenyewe si kigeni kwa maradhi ya mapafu. Mnamo mwaka wa 1930, William Tillett na Thomas Francis, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, waliona kwamba damu ya wagonjwa wa kichomi ina kitu kinachoshikamana na sehemu moja ya bakteria wa ugonjwa huo, sehemu waliyoiita C. Ndiko ilikotoka herufi hiyo ya kwanza. Leo twajua kuwa ni protini itengenezwayo na ini. Mapafu yakishambuliwa, chembe za kinga hupeleka habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa intalukini-6, na ini huimimina protini hiyo damuni. Kwa mtu mwenye afya haizidi takriban miligramu 10 katika lita. Katika kichomi kikali yaweza kupita 100, hata 300. Chanzo kikidhibitiwa, hupungua kwa nusu katika muda wa saa 19 hivi. Kwa hiyo, mwendo wa namba kutoka siku hadi siku una maana kuliko namba moja. Tena namba hiyo haitaji ugonjwa: jeraha, upasuaji na baridi yabisi pia huipandisha.

Mambo haya yote yanasemeka kwa Kiswahili. Kinachotukwamisha ni neno moja. Ile hali ya mwili kuwaka moto ili kujikinga, wahudumu wengi huiita "uvimbe". Nimewahi kuisikia familia moja ikiambiwa kuwa mzee wao "ana uvimbe mapafuni", ikatoka pale ikilia saratani. Siwalaumu. Uvimbe kwa Mswahili ni kitu kilichotuna; nao matabibu wa kale wa Kirumi walihesabu dalili nne, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Tumeichukua moja tukaifanya jina la zote! Ilhali neno tunalo: mchochota, kutokana na kitenzi chochota, kuuma kwa kuchoma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Limo katika maandishi ya tiba, lakini wodini halijafika.

Asidhani mtu kuwa huu ni ubishi wa wanaisimu. Mnamo Juni 2020, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza mchochota, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Korona waliopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni bila mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Mwaka wa 2021 utafiti uo huo uliipima tosilizumabu kwa wagonjwa waliopungukiwa na oksijeni na wenye CRP isiyopungua 75. Namba ile ya karatasini, basi, huweza kuamua nani apewe dawa gani. Atakubalije mtu dawa ya kupunguza ukali wa kinga yake mwenyewe, ikiwa hajaelezwa kwamba kinga hiyo imepita kiasi na sasa inayaunguza mapafu?

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Madaktari watasema hawana wakati, na foleni zetu zinawapa haki ya kulalamika. Lakini hebu tupime muda wa maneno haya: "Mama, mzee ana mchochota mkali mapafuni, si saratani. Kuna protini ya damu inayotuonyesha ukali wake. Juzi ilikuwa 210, leo ni 120, yaani inashuka. Tutapima tena kesho, na pumzi zake tunaziangalia vilevile, kwa maana namba peke yake haitoshi." Nimeyasoma kwa sauti, saa mkononi. Hayakutimiza nusu dakika.