Shahidi haoni kwa macho peke yake

Tangu mwaka 2020 sheria ya jimbo la Minnesota, Marekani, inavitaka vikosi vya polisi vinavyotumia utambuzi wa mashahidi, vya miji midogo kama Fridley vikiwemo, viwe na utaratibu maalumu. Shahidi aambiwe kwamba mhalifu huenda hayumo kwenye picha anazoonyeshwa, na kauli yake kuhusu uhakika alio nao iandikwe papo hapo. Atakayeona hapa mtuhumiwa anapendelewa, atazame kisogoni mwa shahidi. Hapo ndipo gamba la ubongo linapopokea kwanza habari za macho, na kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa mpokeaji tu, kumbukumbu ikija baadaye kutaja jina. Mwaka 2002 Daniel Kersten wa Chuo Kikuu cha Minnesota, kusini kidogo ya Fridley kwa kufuata mto Mississippi, na wenzake walionyesha kwamba vijistari vilivyotawanyika vikiungana kuwa umbo, shughuli za eneo hilo hupungua huku zile za maeneo yanayotambua maumbo zikiongezeka. Mwaka 2009 Stephenie Harrison na Frank Tong walikwenda mbali zaidi: katika maeneo ya mwanzo ya kuona, eneo hilo la kisogoni likiwemo, walisoma mwelekeo wa mistari iliyokwisha kuondolewa, mtu anaikumbuka tu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Mashine zilizotumika katika majaribio hayo hupima mwendo wa damu kwenye ubongo, ambao huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo huenda jicho hupokea kwa uaminifu kwanza, kumbukumbu ikafuata. Na iwe hivyo. Hakuna shahidi anayeapishwa kueleza sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde. Anaeleza kilichobaki baada ya kumbukumbu kupita.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaka mwanga, umbali, muda na kufahamiana kwa shahidi na mshtakiwa vipimwe. Mwaka huohuo, katika kesi ya Anjononi, ile ya Kenya ilisema kumtambua unayemjua kunaaminika kuliko kumtambua mgeni. Mchana kweupe, nakubali. Usiku, kwa mwanga wa kurunzi, mazoea hayohayo yanaweza kumvika mpita njia sura ya jirani, na shahidi akaapa bila kusema uongo. Basi polisi wamuulize kwanza aliona nini: urefu, nguo, mwendo, mwanga ulitoka wapi. Jina lisubiri.