Kupunguza, si Kukata Kabisa
Anayetaka kupungua uzito huambiwa kwanza aache kabisa sukari na mafuta. Ushahidi hauungi mkono amri hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi 12 ulioandikisha watu wazima 609: waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ndogo mno kitakwimu. Makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi na kupunguza sukari ya kuongezwa, wala si kuhesabu kila tonge.

Watasema sukari hudhuru. Ni kweli, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, halikusema sifuri. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, hivyo anayemimina sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye dumu apime kwanza, na chai ya vijiko vitatu ishuke hadi kimoja.