Mashine Shambani: Nani Aliulizwa?

Neno roboti lina asili inayotuhusu. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilitumia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, akilitoa katika neno la lugha yake, robota, yaani kazi ya shokoa. Wazee wa Usambara wangelielewa bila mkalimani. Mwaka 1907 Wajerumani, walioiita Lushoto yetu Wilhelmstal, walianza kuwapa wanaume wa milima hii vipande, na kila mmoja alipaswa kuwatumikia walowezi siku 30 katika miezi minne.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilinyanyua vipande vya chuma vilivyotoka motoni. Hapo hatuna la kulalamikia: kazi imwunguzayo mtu na ifanywe na chuma! Leo roboti zaidi ya milioni 4 zimo viwandani duniani.

Chai ni habari nyingine. Mashine ya kuchumia chai si roboti kamili, maana huongozwa na mtu. Hata hivyo hufanya kazi ya wachumaji wengi. Huko Kericho, Kenya, mwezi Mei 2023, waandamanaji walizichoma moto. Hatuusifu moto huo. Twauliza tu, kabla ya kiberiti kuwashwa, wachumaji walisikilizwa na nani?

Wapo kwetu wanaojifariji kwamba miteremko ya Usambara haipitiki kwa mashine. Ni kweli kwa zile kubwa. Zile za mkononi hupita popote apitapo mchumaji. Nasi tunajua jinsi riziki ya chai ilivyo nyepesi kupeperuka: kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilipofungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, wakulima walipoteza mahali pa kupeleka majani yao.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alikiri kwamba teknolojia ni msaidizi wa mfanyakazi, lakini yaweza kugeuka kama adui inapompokonya kazi. Hatuna budi, basi, kuuliza kila mara: mashine hii inamtua mama mzigo, au inamwondolea mkate?

Viongozi wa walei katika vigango vyenye mashamba ya chai wasingoje mashine ifike ndipo waitishe mkutano. Wadai sasa, kwa maandishi, kwamba wachumaji waketi mezani kabla ya ununuzi, na kwamba wa kwanza kufundishwa kuiendesha wawe wale wale ambao mashine ingewaondoa shambani.