Mali Bila Daftari: Neno kwa Wenye Kripto Simuni



Ndugu msomaji, siku hizi si ajabu kusimama na vijana nje ya kanisa baada ya Misa ya pili ukasikia habari za Bitcoin kabla ya habari za mpira. Mmoja anatoa simu, anafungua programu, na hapo pana kila kitu: jumla ya mali yake, faida ya leo, faida ya wiki, kila sarafu na asilimia yake, kijani kwa iliyopanda na nyekundu kwa iliyoshuka. Programu ya namna hii huitwa dashibodi. Kazi yake ni kufuatilia tu. Unaiandikia kwamba una kiasi fulani cha Bitcoin au Ethereum, au unaiunganisha na akaunti yako, nayo inachukua bei za masoko, inazidisha, inajumlisha, inakupa namba moja kubwa juu ya skrini. CoinGecko na CoinMarketCap wanatoa huduma hiyo bure, na zipo nyingine nyingi.

Naandika kwa sababu naona namba hiyo inaaminiwa kupita uwezo wake. Dashibodi inajua bei ya sasa. Haijui fedha ile ni ya nani, ilipatikanaje, wala iliwekwa kwa ajili ya nini. Na sisi tunaoamini kwamba mali ni dhamana tuliyokabidhiwa, hayo matatu ndiyo tutakayoulizwa.

Je, si afadhali kuachana nayo?

Wapo walei wenye busara, na mapadre pia, wanaosema kripto ni kamari, na kijana Mkatoliki asiiguse. Hofu yao ina msingi. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwaonya wananchi kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria nchini. Ukipoteza fedha zako huko, huna dirisha la kwenda kugonga.

Lakini vijana wameshaingia. Hata Serikali inalijua hilo, ndiyo maana Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Tukinyamaza, kijana atafundishwa na makundi ya WhatsApp na Telegram, ambako kila mwalimu ana kitu cha kuuza. Kanisa lenyewe halikunyamaza kuhusu fedha za zama hizi. Mwaka 2018 Idara mbili za Vatikano zilitoa hati juu ya maadili katika masuala ya uchumi na fedha, iitwayo Oeconomicae et pecuniariae quaestiones. Kwa hiyo leo sitabishana kama kijana anunue au asinunue. Nasema na yule aliyekwisha kununua, ambaye jioni hii atafungua dashibodi yake tena.

Namba ile inatoka wapi

Kwanza, namba unayoiona ni makadirio. Dashibodi huchukua bei ambayo watu wengine wamenunulia na kuuzia muda mfupi uliopita, kisha inaizidisha kwa kiasi ulicho nacho. Hakuna aliyekuahidi kwamba atanunua cha kwako kwa bei hiyo. Kwa Bitcoin, yenye wanunuzi wengi, tofauti huwa ndogo. Kwa sarafu changa yenye wanunuzi wachache, skrini inaweza kuonyesha milioni tano, na ukijaribu kuuza usipate hata moja. Hapo bado hujatoa makato ya soko, makato ya kuhamisha, na tofauti ya bei anayokata yule anayekubadilishia kuwa shilingi.

Pili, asilimia zinadanganya jicho. Chukua mtu aliyeweka shilingi 1,000,000. Bei ikashuka kwa asilimia 50, akabaki na 500,000. Kisha ikapanda kwa asilimia 50, na skrini ikawaka kijani. Moyoni anasema amerudi pale pale. Hajarudi. Asilimia 50 ya 500,000 ni 250,000, kwa hiyo ana 750,000. Robo ya mtaji wake imeondoka huku siku yake ya mwisho ikiwa ya kijani.

Tatu, kuna dashibodi zinazoonyesha jumla peke yake. Ukiongeza shilingi 200,000 kutoka kwenye mshahara, mstari unapanda. Unafurahi kana kwamba umepata faida, kumbe ni jasho lako mwenyewe umelihamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Nne, na hili ndilo zito, namba inaweza kuwepo na fedha isiwepo. Novemba 2022 soko la FTX, mojawapo ya masoko makubwa ya kripto duniani, lilisimamisha utoaji wa fedha, na tarehe 11 ya mwezi huo likaomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika. Wateja walifungua akaunti zao wakaona salio kama kawaida, lakini hawakuweza kulitoa. Fedha za wateja zilizokosekana zilifikia takriban dola bilioni 8. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alitiwa hatiani mwaka 2023, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Dashibodi ya mteja isingeweza kumwonya, kwa sababu ilikuwa ikisoma namba zilizoandikwa na soko lile lile.

Watu wawili, namba moja

Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, kwa hiyo mniwie radhi nikimwita Aristotle. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa anatenganisha kazi mbili ambazo sisi huzichanganya. Ya kwanza ni kutunza nyumba: kutafuta vitu vinavyohitajika ili watu waishi vizuri. Kazi hii ina kikomo, kwa sababu nyumba ikishapata chakula, mavazi na yanayofaa, imetosha. Ya pili ni kutafuta fedha kwa ajili ya fedha. Hiyo haina kikomo, maana hakuna namba ambayo haiongezeki. Anamkumbuka mfalme Midas wa hadithi, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, akawa tajiri asiye na cha kula. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anatufundisha kwamba mali hutafutwa kwa kipimo cha mahitaji ya maisha ya mtu kadiri ya hali yake, na kuvuka kipimo hicho ndiko kunakoitwa ubahili na tamaa.

Sasa iangalie dashibodi kwa macho hayo. Ina kila kipimo isipokuwa hicho kimoja. Inakuambia umepanda kiasi gani tangu jana, lakini haina mahali pa kuandika: hapa imetosha.

Chukua watu wawili walionunua Bitcoin siku moja, Novemba 2021, ilipokaribia dola 69,000. Mmoja aliweka akiba ambayo hakuihitaji kwa miaka mingi. Mwingine aliweka ada ya shule ya mdogo wake, akitarajia kuitoa Januari ikiwa imeongezeka. Mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa chini ya dola 16,000. Zaidi ya robo tatu ya thamani ilikuwa imeondoka. Desemba 2024 bei ikavuka dola 100,000. Wa kwanza alisubiri, akapona. Wa pili hakuwa na namna ya kusubiri, kwa kuwa shule haingojei soko. Simu zao zilionyesha namba moja kila siku, lakini mmoja alikuwa na akiba iliyolala na mwingine alikuwa na mtoto anayerudishwa nyumbani. Tofauti hiyo haikuonekana kwenye skrini yoyote.

Fedha za wengine

Jambo hili linauma zaidi fedha zinapokuwa za jumuiya. Katika kigango kimoja nilichokaa wakati wa kichungaji, mhazini wa kikundi cha vijana alikuwa amechukua michango ya safari ya hija na kununua kripto, kwa nia njema ya kuikuza. Wenzake walipouliza, aliwaonyesha simu. Namba ilikuwa imepanda, wakampigia makofi, na hakuna aliyeomba kitu kingine.

Miezi michache baadaye bei ilishuka. Ndipo yakaja maswali ambayo yangepaswa kuulizwa mwanzoni. Kati ya kiasi kile, cha kikundi ni kipi na cha kwake ni kipi? Alinunua kwa bei gani, siku gani? Nani aliidhinisha? Simu haikuweza kujibu hata swali moja, kwa sababu fedha zake na za kikundi zilikuwa pochi moja, na dashibodi ilizijumlisha zote kama za mtu mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akichangia kwa kuuza maandazi alisema, “Mwanangu, mimi sikukupa asilimia, nilikupa elfu ishirini.” Safari haikufanyika mwaka ule.

Sisemi kijana yule ni mwizi, na sidhani kama alikuwa mwizi. Nasema kwamba kuonyesha skrini si kutoa hesabu. Wakili wa Injili ya Luka, sura ya 16, hakuitwa aeleze bei za mafuta na ngano sokoni. Aliitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Fedha za jumuiya, za VICOBA, za WAWATA au za kwaya hazipaswi kwenda kwenye kripto kwa uamuzi wa mtu mmoja, hata bei ikipanda namna gani. Faida iliyopatikana bila idhini bado ni kosa juu ya dhamana, na makofi hayalifuti.

Turudi kwenye daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wakatoliki tunayo sababu ya ziada ya kulipenda neno hilo. Mtu aliyechapa kwa mara ya kwanza maelezo kamili ya utunzaji wa hesabu kwa njia ya pande mbili alikuwa mtawa Mfransisko, Ndugu Luca Pacioli, katika kitabu chake kilichotoka Venice mwaka 1494. Alieleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule, akawafundisha waanze kwa kuorodhesha kila walicho nacho na kila wanachodaiwa, na daftari la kwanza walitie alama ya msalaba. Kwake hesabu na sala havikuwa vyumba viwili.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kripto, endelea na dashibodi yako ukipenda, ila iwe mtumishi wa daftari. Chukua daftari la kawaida la kurasa mia. Kila unaponunua au kuuza, andika tarehe, kiasi cha shilingi kilichotoka mfukoni, kiasi cha sarafu ulichopata, na makato. Hayo yatakusaidia hata siku ya kodi. Kisha ongeza safu tatu ambazo hakuna programu itakayokujazia: fedha hii ni ya nani, ni kwa ajili ya nini, na inahitajika lini. Ukikuta huwezi kujaza safu ya kwanza kwa jina lako mwenyewe, fedha hiyo irudi ilikotoka. Ukikuta safu ya tatu inasema “Januari”, usiipeleke kwenye soko ambalo Januari haiijui.

Chagua siku moja kwa mwezi ya kulinganisha daftari na dashibodi. Anayefungua programu mara thelathini kwa siku hapati taarifa mpya thelathini; anapata mioyo thelathini ndani ya siku moja. Ukiona mkono unaenda simuni hata katikati ya masifu ya jioni, hapo tatizo limeshatoka kwenye fedha, ulizungumze na padre wako. Kama una mwenzi wa ndoa, daftari hilo alione. Siri ya fedha ndani ya nyumba huanza na chati ya kijani na kuishia kwa baraza la wazee.

Na jambo la mwisho la usalama. Dashibodi ya kweli inahitaji kusoma tu. Ikikuomba yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi yako, hiyo si dashibodi, ni mwizi. Usimpe, hata akijitambulisha kuwa ndugu wa parokia.

Waseminari wenzangu, tusijidanganye kwamba haya ni ya walei peke yao. Kesho tutakabidhiwa sadaka, zaka na michango ya ujenzi, fedha za watu ambao wengi wao hawana hata simu ya kufungua dashibodi. Watatuamini kwa sababu ya kanzu. Tuanze sasa, na fedha ndogo tulizo nazo, kuandika kila senti na kumruhusu mwingine asome tulichoandika.